Kilima Ninachowaonyesha Wageni

Kadutu, Bukavu
Jumapili alasiri

Mugisho mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na mama yako yuko nyuma ya nyumba anakuchemshia maharage ya njiani kana kwamba huko Stanleyville watu hawajui kuwasha moto. Mvua imeanza. Nimekalia kiti chako, nimeegemea meza yako yenye madoa ya wino, na kalamu ninayoandikia ni yako pia, hukuniruhusu, utanisamehe. Salamu sina, maana tumekula pamoja saa sita na nimeona kwamba u mzima.

Mambo ya blanketi, kwinini na viatu vya kutomwazima mtu nimemwachia mama yako. Ameyasema mara nne na atayasema tena kesho lori likiwa linaunguruma. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka tisa, na kila nilipotaka kulitua nilijiambia bado u mtoto. Sasa una ndevu tatu kidevuni, na kesho unakwenda kujifunza kupima ardhi. Kisingizio kimekwisha.

Kazi yangu unaijua. Magari ya hoteli yanapanda kilimani, wageni wanashuka na kamera zao, nami nimesimama pale na koti la kaki na kepi yenye kibati cha shaba. Nangoja wanyamaze, kisha naanza kwa Kifaransa. Mabibi na mabwana, mbele yenu ni rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Mahali mnaposimama ni juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya elfu moja na mia tano, ndiyo sababu ikweta iko karibu lakini hamtoki jasho. Kile kirefu kilicho mbali ni kisiwa cha Idjwi. Milima ya ng'ambo ni ya Rwanda. Pale kulia maji yanatoka ziwani, unaanza mto Ruzizi, unateremka kwa hasira hadi bonde la Kamanyola kwenye joto. Wenzenu wanaoishi kwenye joto hilo hupanda kuja kwetu kulala chini ya blanketi mbili na kupata nguvu. Ziwani hakuna mamba wala kiboko, ogeleeni bila hofu. Mwaka mzima ni majira ya kuchipua.

Hapo ndipo wanapopiga makofi. Majira yao ya kuchipua mimi sijawahi kuyaona, wala baridi yao inayoyatangulia. Nayataja kwa uhakika wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nimeyajulia wapi.

Kisha nawaacha watazame. Na kweli, mwanangu, mji huu ukiutazama kutoka pale ni mzuri mpaka unaudhi. Vigae vyekundu vimepangwa kwenye kila kidole cha nchi kavu, kuba jeupe la kanisa kubwa limesimama juu ya paa zote, miti ya misipresi imesimama wima, kila nyumba ina ngazi zake za mawe zinazoshuka majini, na mashua za tanga za Jumapili zinakwenda na kurudi bila mzigo wowote. Mawingu yanatoka upande wa mlima Kahuzi saa nane, yanamwaga maji kwa muda wa saa moja hivi, yanaondoka. Mji unabaki umeoshwa. Wageni wanasema, hata mvua ya hapa ina adabu.

Mvua hiyohiyo ndiyo inayotutandika huku Kadutu. Lakini wageni nawageuza waelekee ziwani, na Kadutu iko mgongoni mwao.

Sasa nikuambie usichokijua. Ninaposimama kusema maneno hayo, miguu yangu iko mahali palipokuwa jiko la mama yangu.

Unakumbuka kwa babu yako, kilimani, kabla hajahamishwa. Ulikuwa na miaka tisa walipovunja, unakumbuka migomba na mbwa aliyekuuma. Siku zote umesikia kwamba serikali ilikitaka kilima, babu akaondolewa, basi. Hiyo ni kweli, ila imekatwa kichwa.

Kilima kile babu yako alikipata kwa kalinzi, kama ilivyo desturi yetu: alimpelekea chifu ng'ombe, chifu akampokea mbele ya watu, na tangu siku hiyo ardhi ikawa yake na ya uzao wake. Hakuna karatasi. Karatasi ni ng'ombe, na mhuri ni macho ya waliokuwepo. Nilikuwa na miaka saba au minane. Babu yako alinipa kamba ya ng'ombe yule niishike mimi, mtoto, tangu nyumbani hadi uani kwa chifu, na sababu alinieleza njiani. Watu wazima watakufa, alisema. Atakayebaki kusema kwamba ng'ombe alitoka ni wewe. Alikuwa jike jekundu mwenye doa jeupe tumboni, naye alinikanyaga kidole. Ukucha wake haujawahi kuota sawasawa.

Miaka ikapita, nikasoma kwa mapadri, nikapata kazi hotelini ya kubeba mizigo. Mji ulikuwa bado unaitwa Costermansville, na wageni walikuwa wameanza kumiminika. Siku moja bwana mkubwa wa hoteli alilalamika kwamba hana mahali pa kuwaonyesha ziwa lote kwa mara moja. Nani alimjibu? Mimi. Nilikuwa nimekulia juu ya mandhari hiyo, niliijua tangu nachunga mbuzi, na roho yangu ilivimba kwamba ninacho kitu ambacho bwana hana. Nikamwambia, twende kwa baba yangu.

Babu yako aliwapokea vizuri mno. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndiyo dini yake ya kwanza, kabla ya ile ya mapadri. Alitoa viti, alitoa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, iliyokomaa, bwana akanywa kutoka kibuyu kimoja naye. Na alipoona wageni wananyoosha shingo kutafuta ziwa kati ya majani, alichukua panga, akakata migomba saba ya mbele kwa mkono wake mwenyewe. Nyanya yako alishika kichwa.

"Papa Mugisho," aliniambia pembeni, maana tangu uzaliwe aliniita kwa jina lako, "hawa bageni batarudia."

"Bakirudia, si ni heshima?" nikamjibu.

Walirudi. Kwanza mara moja kwa wiki, kisha kila siku ya kiangazi. Pakaja benchi. Pakaja mawe yaliyopakwa chokaa. Mimi nikaacha kubeba mizigo, nikawa mtu wa kueleza, bila koti bado. Halafu siku moja nikaitwa ofisini. Kulikuwa na ofisa mmoja na ramani mezani. Wanataka kukifanya kilima mahali rasmi pa kutazamia mji, akasema, na barabara ya magari ifike juu. Mzee anayekaa pale ana haki gani juu ya ardhi ile?

Mugisho, lilikuwa swali la wazi, na lilinifikia mimi. Pengine lilikuwa la kutimiza utaratibu tu, pengine yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Hilo sitalijua kamwe, na ndilo linaloniamsha. Nilikuwa na jibu, nilipewa jibu lile nikiwa na miaka saba. Nilipaswa kusema: kulitoka ng'ombe, mimi nilishika kamba, na waliokuwepo wengine watano wako hai, waiteni.

Niliona haya. Nilikuwa nimevaa tai. Ofisa alikuwa amenipa kiti, jambo ambalo hawakulifanya kwa kila mtu, na alikuwa amesema kwamba Kifaransa changu ni kizuri. Niliyatafuta maneno ya Kifaransa ya kueleza ng'ombe jike mwenye doa, na uani kwa chifu, na mimi mtoto nimeshika kamba, nikajisikia nanuka moshi. Nikafikiri atacheka. Nikamjibu, baba hana karatasi yoyote. Hilo halikuwa uongo. Akauliza, je, atakubali kuhama? Nikasema atakubali. Hilo lilikuwa uongo, maana sikuwa nimemwuliza.

Wiki mbili baadaye nikapewa koti na kepi.

Amri ilipofika, babu yako aliniita chini ya paa la jiko. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kuelewa, na mimi ndiye niliyekuwa msomi wake.

"Ile ngombe," akasema, "uliwaambia?"

"Niliwaambia, papa."

"Balisema nini?"

"Balisema habajue mambo ya ngombe. Banataka karatasi tu."

 Akachukua tumbaku yake, akairudisha mfukoni bila kuivuta.

"Basi. Kama mutoto wangu alishuhudia na balikataa, kosa iko kwabo. Haiko kwetu."

Akaanza kufungasha. Nataka uelewe hapa, kwa sababu ndipo ubaya ulipo. Kama ningemwambia kwamba habari ya ng'ombe haikutajwa, angekwenda kwa chifu siku ileile. Namjua, angepita nyumba kwa nyumba akawakusanya wale watano, wangeshuka wote hadi ofisini na fimbo zao. Huenda wangeshindwa. Huenda barabara ingepindishwa. Lakini nilimwambia kwamba kesi imesikilizwa na imekwisha, naye akaniamini, akakaa kimya kwa heshima. Nilimnyang'anya kilima mara mbili.

Walimpa kiwanja huku juu Kadutu, kwenye mteremko ule wa udongo mwekundu ukingoni mwa korongo. Nyanya yako alipofika alichota udongo, akaufinya.

"Hapa ndizi itashika wapi?" akauliza.

 Masika ya pili, usiku mmoja wa mvua yetu yenye adabu, ardhi iliteleza na kuchukua ukuta wa nyuma na nusu ya kitanda. Walitoka wote wawili, lakini nyanya yako alikaa kwenye maji hadi kukapambazuka akitafuta sufuria na nguo. Kifua kikambana. Tulimpeleka kwa shangazi yako Nsimire, Katana, ili awe karibu na hospitali ya misheni. Alikaa wiki tatu, akafariki. Ulilia sana siku ya mazishi, nawe uliniuliza kwa nini mimi silii. Nilikuambia mwanamume halii. Mwanangu, nilikuwa naogopa kwamba nikifungua mdomo yatatoka yote.

Asubuhi iliyofuata mazishi nilikuwa na kundi la wageni. Nilivaa kepi. Nilisema mwaka mzima ni majira ya kuchipua, wakapiga makofi, na mama mmoja akaniomba nisogee kidogo kwa sababu namzibia picha. Nilisogea.

Utaniuliza kwa nini sikuacha kazi. Kwa sababu koti lile ndilo lililokusomesha, na kwa sababu nalipenda. Yote mawili ni kweli na la pili linaniaibisha zaidi. Napenda wanaponisikiliza. Wakiondoka nabaki peke yangu na mawe yenye chokaa, na hapo ndipo pananiuma.

Mama yako hajui. Au anajua, yeye akinyamaza hunyamaza kwa kishindo, na kila nikilaza koti kitini hulihamisha. Usimwulize, nitamwambia mimi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kuliko njia ya kwenda Stanleyville, na iliyoirefusha ni sifa. Babu yako amehamia kwa Nsimire tangu afiwe, na huko Katana hakuna mtu asiyejua hadithi ya mwanawe. Kila nikienda kumwona ananiita mbele ya wazee wenzake. "Huyu hapa," anasema, "alisimama mbele ya bazungu akasema ukweli. Balimukatalia, lakini alisema." Wazee wananipa mkono. Nimekunywa kasiksi ya watu kwa sifa hiyo, Mugisho. Miaka tisa. Siku hizi naenda mara moja tu kwa mwaka na nasingizia wageni.

Sasa sikia kilichonifanya nikalie kiti chako leo. Juzi dereva wa lori la mboga aliniletea maneno ya Nsimire. "Muzee hakule tena," anasema. "Anauliza tu Mugisho atapita siku gani. Banasema atakuwa mutu wa kupima udongo. Muzee anataka kumubariki, amuambie awe kama papa yake." Lori lako la kesho linapitia Katana kabla ya Kalehe na Minova. Utashuka, utaingia, ataweka mkono kichwani mwako, na atakubariki kwa uongo wangu.

Hilo siwezi kulivumilia. Mengine nimeyavumilia, nimeyazoea hata, lakini siyo hilo. Utakwenda duniani umebeba baraka iliyooza, na utakuwa umebeba bila kujua.

Hata hivyo nilipoanza barua hii nilikuwa nimekusudia uwe wewe wa kumwambia. Nilitaka kuandika: mwanangu, ukifika Katana, mwambie babu hivi na hivi, mimi nitabaki Bukavu, nina wageni Jumatatu. Nilikuwa nimekwisha kuitunga sentensi yenyewe na ilikuwa nzuri, yenye unyenyekevu. Nimeiandika, nimeisoma, nimeichana. Ile karatasi iliyokunjwakunjwa chini ya meza ndiyo hiyo, usihangaike kuifungua. Aliyeiandika ni yuleyule aliyekaa ofisini na tai akitafuta namna ya kutosema.

Sikukatazi kazi yako. Mtu atazipima ardhi hizi, afadhali awe wewe. Utafika kwenye kilima cha watu na fito zako nyekundu na nyeupe, na mzee atakuletea kiti. Mkubwa wako atakuuliza nani ana haki hapa. Nakuomba jambo dogo: siku hiyo jichunguze kama unaona haya, kwa sababu haya haiji na kelele. Mimi ilinijia na kiti kizuri na neno la kusifiwa, nikadhani ni furaha. Tena usijidanganye kwamba wewe u mwema kuliko mimi. Nilikuwa mtoto mwema, muulize yeyote. Maji yakimwagika hayazoleki, na mama yangu sitamrudisha, wala migomba. Lakini babu yako bado anapumua.

Kwa hiyo nimeamua hivi. Asubuhi nitakupa barua hii kabla jua halijapanda, uisome ukiwa umesimama, mama yako akifunga mzigo. Nakupa ili nisiweze kurudi nyuma. Nikishakuona umeisoma sitakuwa na mahali pa kujificha. Ukiwa na hasira, kaa nayo, ni haki yako. Ukitaka kutonisemesha njiani, usinisemeshe. Ila nitapanda lori pamoja nawe. Nitaketi juu ya magunia, bila koti na bila kepi, na wageni wa Jumatatu watalitazama ziwa wenyewe. Halijawahi kunihitaji ili waione rangi yake.

Katana tutaingia wote wawili. Usimwache aweke mkono kichwani mwako kabla sijasema. Nitapiga magoti, nitamwambia kwa maneno ya nyumbani: papa, juu ya ngombe sikusema kitu. Halafu nitamwambia la kuhama, kwamba ni mimi niliyesema atakubali. Halafu la mama.

Sijui atafanya nini. Anaweza kunilaani, nguvu hizo bado anazo. Anaweza kukubariki wewe na kunipita mimi, na hiyo itakuwa sawa. Anaweza pia kugeukia ukuta, kama wazee wanavyofanya, asiseme lolote. Dereva hatangoja sana, naye atapiga honi. Ukisikia honi, panda uende, mwanangu, usigeuke kutazama, shule haiwezi kukungoja. Mimi ndiye mwenye muda. Nitakaa nje ya mlango wake, mvua ikinyesha au isinyeshe, mpaka aseme neno, hata kama neno lenyewe ni kuniambia niondoke.

Baba yako